Pasi Yenye Wivu

Wifi yake alipompigia simu aje kwenye karakana ya ushonaji, alimwambia asijisumbue kubeba vyombo vingi. "Njoo na stika tu, wifi yangu. Za kijani."

Mama Kipimo alibeba vyombo vyote.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Alizunguka maofisini, kwenye majiko ya hoteli na kwenye karakana, akipima kila kifaa chenye waya na plagi: birika, feni, drili, pasi. Kilicho salama alikibandika stika ya kijani. Kibovu alikibandika nyekundu, kikatolewa kazini. Ni kazi isiyo na asante. Akikupa kijani unasema ulikuwa unajua, akikupa nyekundu unasema ana roho mbaya.

Wifi mwenyewe, dada wa mumewe, aliitwa Dada Mkubwa na kila mtu, hata na wale waliomzidi umri. Yeye ndiye aliyemlea mume wa Mama Kipimo baada ya kufiwa na wazazi, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Mchana ule alikuwa anamtarajia mwakilishi wa hoteli moja kubwa. Akikuta mafundi wako kazini na kila kifaa kina stika, mkataba wa sare unasainiwa.

"Anza na pasi," Dada Mkubwa aliagiza. "Ina kazi ya kunyoosha sampuli za mgeni."

Ilikuwa pasi kubwa ya mvuke, ya chuma, iliyoning'inizwa kwa waya juu ya meza ya chuma. Chini, mbele ya meza, palikuwa na ubao uliopigiliwa kipande cha mpira. Juu ya ubao alisimama mpiga pasi, Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu.

"Shuka mimbarini kidogo, mhubiri," Mama Kipimo alimwambia. "Huo ubao wa nini?"

"Wa pasi, dada. Hii pasi ina wivu."

"Ina nini?"

"Wivu! Ukiishika, usishike kingine. Ukigusa meza kwa mkono wa pili inakuchapa mpaka begani. Lakini panda ubao, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine mgongoni, mnaishi kwa amani." Akaonyesha, kajikaza kama askari wa gwaride. Washonaji wakaangua kicheko. "Hapa mgeni kabla hajaonyeshwa choo, anaonyeshwa ubao."

Mama Kipimo hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja. Wote walijua. Shoti ile walishaizoea, wakaipa jina, wakaitungia na adabu zake, kama mume mkorofi anayesimuliwa kisimani kwa vicheko ilhali mkewe ana alama shingoni.

Aliichomoa pasi, akachomeka plagi yake kwenye mashine yake ya kupimia, akabana klipu kwenye chuma cha pasi. Taa nyekundu. Akapima mara ya pili, maana hakutaka kuambiwa kakosea. Nyekundu. Akafungua plagi kwa bisibisi. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa na ncha yake kuviringishwa utepe wa gundi.

"Nani kakata huu?"

"Fundi umeme," Dada Mkubwa alijibu, hana wasiwasi. "Pasi ikipata moto tu, umeme unakatika karakana nzima. Kazi zinalala. Akaja akakata huo, ikapona. Tangu hapo haijatusumbua."

"Haikupona, wifi. Mliiziba mdomo. Humo ndani kuna waya wa moto, wenye umeme, unagusa chuma. Huu mlioukata ndio uliokuwa unautoa umeme kwenda ardhini, swichi inashtuka, inakata, mnajua kuna ubaya. Sasa umeme hauna njia. Unangoja mtu awe njia yake." Akamgeukia mpiga pasi. "Unakungoja wewe."

Mama Pacha alitazama mkono wake kana kwamba ni wa kuazimwa. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mbona hajafa?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Kwa sababu ya kipande cha mpira. Pasi ya mvuke hii, maji yanadondoka hapa kutwa. Siku ubao ukilowa?"

Akatoa stika nyekundu, akaibandika kwenye mpini. Dada Mkubwa akasogea, akaibandua kwa ukucha, akaifinyanga, akaitupa chini ya meza.

"Wifi, tuongee kama ndugu. Nipe kijani leo. Mgeni akiondoka, nanunua pasi nyingine."

"Na leo sampuli zinanyooshwa na nini?"

"Na hii. Siku moja tu."

"Basi siwezi."

"Nani kamlea mumeo?"

"Wewe. Ukamlea vizuri, nikampokea mzima, na nakushukuru. Mama Pacha naye ana watu wanaomngoja nyumbani, wanamtaka mzima vilevile."

Dada Mkubwa akachukua simu. Akampigia mdogo wake, akaweka sauti ya nje ili karakana nzima isikie mtu anavyotiwa adabu na mumewe.

"Mdogo wangu, mkeo yuko hapa ananivunjia riziki mbele ya wafanyakazi wangu! Stika moja tu inamshinda!"

Upande wa pili mtu alikohoa. "Mama watoto... si umbandikie tu? Ni Dada huyo."

Mama Kipimo aliinamia simu. "Baba watoto, njoo upige pasi wewe. Simama chini, bila ubao, mkono mmoja ushike meza. Ukimaliza shati moja, nabandika."

Kikohozi kingine. "Aa, mimi... mimi niko kazini."

"Hata mimi niko kazini," alisema, akaikata simu kwa kidole chake mwenyewe, mkononi mwa wifi yake.

Mshonaji mmoja alijificha nyuma ya kitambaa, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Stika ni karatasi," Dada Mkubwa alisema. "Ukitoka tu hapo mlangoni, pasi inarudi kazini. Utafanya nini?"

"Umesema kweli. Karatasi haitoshi."

Akatoa koleo kwenye begi, akauvuta waya wa umeme wa pasi, akaukata pale unapoingia kwenye chuma. Kisha akaukata tena katikati, na tena, vipande vikaanguka sakafuni kama nyoka aliyegawanywa.

"Mali yangu!" Dada Mkubwa alipiga kelele. "Toka! Na kwangu usikanyage! Hata nikifa, usije kunizika!"

"Nitakuja, wifi, na nitalia kuliko wote. Ila Mama Pacha simziki kwa ajili ya shati." Akafuta koleo kwenye sketi yake. "Bado cherehani."

"Atakayempa cherehani yake leo, aondoke naye!"

Hakuna aliyejongea. Mama Kipimo alisimama na klipu mkononi, akijua kwamba usiku atakuwa na maneno nyumbani, na kesho mtaani, na kwenye kila msiba wa ukoo huu mpaka azeeke. Hakurudi nyuma hata hatua.

Mama Pacha ndiye aliyeanza. Alivuka chumba, akasimama kwenye cherehani ya kwanza, akamuuliza aliyekuwa akiitumia, "Shoga, hii yako haina tabia?"

"Ina... inatekenya," yule dada alikiri. "Nikivaa viatu haitekenyi."

"Chomoa."

Akachomoa. Wa pili akachomoa yake. Halafu yule wa nyuma ya kitambaa. Muungurumo wa karakana ukapungua, ukafa kabisa, na mafundi wakamnyooshea Mama Kipimo plagi zao, wanasukumana.

Dada Mkubwa aliwatazama wote. Kisha akanyakua mkoba wake na kutoka kwa haraka. Kwenda dukani, au kwenda kushtaki kwa wazee, hakuna aliyejua.

"Moja moja, jamani," Mama Kipimo alisema, akibana klipu yake kwenye chuma cha cherehani ya kwanza. "Nina mikono miwili tu."