Figo za Dume

Barua ya wale wanaopima wakimbiaji ilisema mkojo wa kaka yangu ulikuwa na dawa. Niyongabo aliisoma mara mbili, akaikunja, akaanza kuvaa viatu vya kazi kama hakuna kitu.

"Dawa gani?" nikamuuliza.

"Ya sindano. Ya kuongeza misuli. Nikishindwa kueleza imetoka wapi, nafungiwa kukimbia miaka mbili."

Nikacheka. Ungemuona Niyongabo ungecheka pia. Mwembamba kama mti wa fagio, na sindano anaiogopa mpaka kwa kliniki anageuza uso. Yeye hakucheka. Ilikuwa 2011, alikuwa ameshinda mbio ya Pinetown, na klabu moja ilitaka kumchukua, akimbie kwa jina lao na wampe kazi. Iko na miaka thelathini na mbili. Ukimfungia miaka mbili, umemmaliza.

"Sasa ulikula nini?"

"Nilikula nguruwe yako, mdogo wangu."

Akatoka. Mimi nikabaki nimekaa.

Nguruwe ilikuwa hivi. Sisi Warundi wa Cato Manor, hapa Durban, tuko na kikundi, kila mwisho wa mwezi tunachinja nguruwe moja. Na mwenye iko na kazi kubwa mbele yake anapewa vya ndani: maini, figo, na mapumbu, kama nguruwe iko nayo. Mara hiyo mbio ilikuwa kesho yake, basi sahani ilikuwa ya Niyongabo. Kununua nilitumwa mimi. Nikaenda kwa mkulima mmoja mbele ya Pinetown, nikaona moja kubwa, inafungiwa peke yake. Mkulima akaniuzia haraka, anacheka. Nikadhani ni mtu wa furaha tu.

Mimi nimekulia kambini Tanzania, na maharagwe. Mambo ya kufuga nguruwe nitajulia wapi? Hakuna mtu aliniambia niangalie chini ya mkia.

Dada Henriette, mwenye anatupikia, alifunua sufuria akageuza kichwa. "Dominiki! Hii nyama inanuka mkojo!"

Nikainama, nikavuta. Hakuna kitu. Vitunguu tu. "Ni pua yako, dada."

"Pua yangu? Uliza hawa!"

Wakaja mmoja mmoja, wanakunja uso. Wengi waliacha. Niyongabo peke yake alimaliza sahani. Najua kwa nini. Hakutaka nipate aibu.

Sasa, mimi naosha magari Westville, karibu na chuo. Shule niliacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha. Iko mteja wangu mmoja, Saarah, mtoto wa Durban, nyanya yake alimwachia Kiswahili. Nyuma ya gari lake iko sanduku la barafu, ndani chupa za mkojo. Anasoma mkojo wa watu. Vraiment, kweli kabisa, ni masomo yake. Kesho yake ya ile barua alipokuja, sikugusa hata ndoo.

"Dada Saarah, mkojo unajuaje mtu amepigwa sindano?"

"Haujui, bhuti, kaka yangu. Homoni ikiingia, ini linaivunjavunja, linaifunga na kitu kingine ili iyeyuke, halafu unaikojoa. Maabara inaona vipande tu. Kipande gani wamekikuta?"

Nikampa jina nililokopi toka kwa barua, kwenye mkono, kwa kalamu. Norandrosteroni. Akasoma mkono wangu polepole.

"Alikula dume?"

"Umejuaje?"

"Dume la nguruwe ambalo halijahasiwa linatengeneza ile homoni lenyewe. Iko ndani ya mapumbu, iko ndani ya figo. Ukikula, unakojoa kipande kilekile cha mtu wa sindano."

Nikaangalia maji yanayokimbia kwenye mfereji. Ni kama kazi yangu. Naona tope jekundu, lakini gari ilitoka shamba gani, tope haliniambii.

"Lakini mimi sikusikia harufu!"

Akaenda chuoni, akarudi na kichupa. Akafungua, akakunja uso. Nikavuta mpaka pua ikaniuma. Maji matupu.

"Hii ndiyo harufu ya dume," akasema. "Nayo ni homoni. Watu wengi pua zao haziipati. Wewe ni mmoja."

Eish. Miaka ishirini na tatu sikujua pua yangu iko na shimo.

Nyama iliyobaki, pamoja na figo moja ya sufuriani, Henriette alikuwa ameiweka kwenye friza, hapendi kutupa. Nikamwambia Saarah nitamletea, apime.

"Nguruwe kwangu? Thubutu!"

"Lakini mkojo unashika."

"Mkojo ni kazi, na niko na glavu. Nguruwe kula wewe. Niletee mkojo. Wa kwanza kabla hujakula, usisahau."

Basi nikala. Henriette alikaa mbele yangu na saa na kalamu, anaandika, huku amefunga pua na kitenge. "Kula, profesa! Bado figo moja." Chupa moja kabla, nne baadaye, ya mwisho asubuhi.

Saarah alipiga simu Alhamisi. Chupa ya kwanza, hakuna. Ya pili, iko. Ya tatu, iko nyingi kupita ya Niyongabo. Ya mwisho ilikuwa inashuka.

"Mimi si maabara yao," akasema. "Lakini karatasi hii watalazimika kuisoma. Na wewe andika jinsi ulivyonunua."

Niyongabo alikataa. "Niende mbele ya wazungu wenye tai niseme nilikula mapumbu?"

"Ulikula. Na ulikula kwa sababu yangu, kila mtu alikuwa ameacha."

Akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nitasema mimi," nikamwambia. "Wewe angalia ukuta."

Siku ya kusikilizwa, nikasema. Niliwapa barua yangu ya mkono, na saa alizoandika Henriette, na karatasi ya Saarah. Mzee mmoja aliniuliza kama kweli nilikula nyama inanuka hivyo kwa hiari. Nikamwambia kwangu hainuki, alete kichupa tuone. Wakaandika muda mrefu.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Ushindi wa Pinetown wameufuta, kilichokuwa ndani ya mkojo kilikuwa ndani, hata kama kilitoka kwa sahani. Lakini hawakumfungia hata siku moja. Niyongabo alirudisha medali yeye mwenyewe, kwa mguu, anakimbia.

Mwisho wa mwezi kikundi kilinituma tena, safari hii na Henriette. Kazi ya pua ni yeye, ya macho ni mimi. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaangalia chini ya mkia kila moja, mkulima anacheka tena.

Ila niko na swali, Saarah akija Jumatatu lazima anijibu. Ile harufu, kama si ya mimi kuisikia, dume linamtolea nani?