Abiria wa Gari la Mkunga

Mkunga alifika kwenye uwanja wa ukaguzi kabla geti halijafunguliwa, akapanga foleni nyuma ya lori la mchanga. Gari lake lilikuwa dogo, la bluu, limeshatumika. Alilinunua kwa sababu watoto hawachagui saa ya kuzaliwa, na sasa alitaka liandikishwe kwa jina lake. Ndani walikuwamo pia wenye gari wa kwanza: mshonaji nguo kwenye kiti cha mbele, na nyuma mkewe, mapacha wao, na mama yake mshonaji, kapakata kikapu. Wote walifia ndani ya gari hilo, kwenye mteremko wa kuingia mjini. Siku mkunga alipokwenda kulichukua kwa dalali aliwakuta wamekaa. Aliwasalimu, wakaitikia, akawasha gari.

Zamu yake ilipofika, mkaguzi alitoka kivulini na kikombe chake cha chai. Alilizunguka gari, akaona lilivyobonyea nyuma, akainama dirishani.

"Dada, hili ni la watu watano. Nawaona sita."

"Watano wamekufa," mkunga alisema.

"Hata kama. Kiti ni kiti."

Marehemu wakashuka bila ubishi, wakaenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Mlinzi akaondoa gazeti lake wapate nafasi.

Hapo mkaguzi akamtazama mkunga vizuri, uso ukamchangamka. "Si wewe uliyemzalisha mke wangu? Yule mtoto aliyetanguliza miguu!"

"Ndiye mimi. Hajambo?"

"Hajambo, ila halali, na sisi hatulali." Akacheka. "Basi wewe sikusumbui. Gari limepita."

"Breki hujapima."

Mkaguzi aligeukia mashine ya kupimia breki. Ilikuwa imefunikwa turubai tangu ilipoharibika, na juu yake paka alikuwa amezaa. "Inasubiri kipuri. Siku hizi tunapima kwa macho."

"Kaka, nisumbue. Nakuomba."

Kwenye benchi, mshonaji akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, mkaguzi. Na mimi nilisimama hapo hapo. Nilikwambia pedali ya breki inazama, ukaniambia niondoe wasiwasi. Wiki haikuisha."

Mkaguzi alimkazia macho. "Nakukumbuka. Hii suruali ya sare umeishona wewe." Akashusha kikombe. "Pole sana, bwana."

"Asante. Tumeshapoa."

Mkaguzi alihuzunika kweli. Alisimama pale mpaka chai ikashika utando. Kisha honi zikaanza kulia, maana foleni ilikuwa imefika barabarani. Akatoa stika ya ukaguzi mfukoni, akaibandika kwenye kioo cha mbele, akailaza kwa kidole gumba pembe kwa pembe isije ikabaki na hewa.

"Msalimie mkeo," mkunga alisema.

Akawapungia mkono abiria wake, wakarudi mmoja mmoja. Mkaguzi akawafungia mlango wa nyuma kwa heshima. Ukaguzi ulikuwa umekwisha, idadi yao haikuwa kazi yake tena.

"Tunakwenda wapi?" pacha mmoja aliuliza.

"Kwa makanika, atengeneze breki. Na tunakwenda polepole."

"Hata baba alikuwa anakwenda polepole," mtoto alisema. Mama yake akamwambia anyamaze.

Mkunga akaingiza gia ya kwanza, kisha akashika breki ya mkono. Kwenye kioo cha pembeni aliona gari lililofuata likisogea mahali pake: kijana ameshika usukani, mkewe kando yake na kifurushi cha blanketi jeupe kifuani. Mkaguzi alikuwa ameinama dirishani kwao, anatania, stika tayari mkononi.

Mama yake mshonaji naye alikuwa amegeuka, anawatazama. Aliwatazama mpaka gari la mkunga likatoka getini, kisha akakiteremsha kikapu chake miguuni.

"Sogeeni kidogo," aliwaambia wajukuu zake. "Wale wana mtoto mchanga."