Zamu ya Mponde

Saa tatu asubuhi Mzee Twaha alikuwa gulioni Malindi ya milimani akiuza kabichi, jua limemwangaza ubavuni, na hakuwa na kivuli. Wateja walishazoea.

"Baba Zakia, kivuli leo kiko wapi?"

"Kimeenda kibaruani. Nikuwekee ngapi, shemeji?"

Wakanunua hata wasiopenda kabichi. Mtu huyo angeweza kumuuzia chura mwavuli. Binti yake, Zakia, alikua akijivuna: baba za wenzake walifanya kazi peke yao, wa kwake walikuwa wawili.

Alipomaliza kidato cha nne, mama yake alimtuma Mponde kumpelekea mama mdogo mbegu za viazi. Akiwa njiani akakiona kwenye shamba la chai. Kivuli cha baba yake kilikuwa kinachuma, tenga mgongoni, barakashia imekaa upande kama kawaida. Zakia akakiamkia. Kikainamisha kichwa. Kando yake alisimama mtoto wa kike mwenye mwanya wa Mzee Twaha.

"Shikamoo, dada. Mimi Mwanamisi. Huyu baba yangu."

"Marahaba. Wangu pia."

"Najua. Mama anasema zamu ni zamu. Nyie mlipata mwili."

Ndipo Zakia akajua kwamba baba yake ana wake wawili. Dini ilimtaka agawe zamu sawasawa, naye aligawa. Shehe alipoulizwa kuhusu mgawanyo huo, alikohoa, akaomba maji.

"Kinatusaidia," Mwanamisi akasema. "Kuni kinapasua, paa kinaziba. Ila hakisemi. Dada, eti sauti yake ikoje?"

Zakia akapanua kifua, akamwiga baba gulioni. "Kabichi tamu, mkwe akila hanuni!"

Mwanamisi akacheka, akaomba tena. Na tena. Mwishowe akawa hacheki, anasikiliza tu.

Jioni Zakia alimkuta baba yake jikoni anamenya viazi huku akiimba.

"Baba, Mwanamisi anataka kukusikia. Nenda, hata siku moja."

Mzee Twaha hakushtuka. "Kwani kivuli kina kasoro?"

"Hakina."

"Basi wana bahati. Mimi ninazo tele, muulize mama yako."

Mama, aliyejua siku zote, akacheka. Zakia alitaka kununa, akajikuta anacheka naye.

Baba akaopoa kiazi cha moto, akakipuliza, akamwekea mwanawe kiganjani. Akamuuliza habari za safari, akasikiliza yote. Zakia alimshukuru Mungu kwa sauti ile, akamkumbuka Mwanamisi, akaona haya kuishukuru, akaomba chumvi.