Moshi wa Waya Mpya

Mama Kamba hakujua kukaa kimya hata akiwa usingizini, sembuse asubuhi ile aliyokuwa na waya wa kwanza kutoka kwenye mashine yake mwenyewe. Alikuwa ameuviringisha akauning’iniza begani, na kila aliyepishana naye barabarani aliambiwa, atake asitake, kwamba leo bekari itaoka mikate. Nyuma yake alikuja mkwe wake na sanduku la vifaa, macho chini. Kijana alikuwa fundi umeme wa matanuri ya mikate, hodari kwelikweli, lakini tangu amwoe binti wa Mama Kamba hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni, na mbele yake sauti ilimpungua ikabaki ya mbu.

“Tembea bwana, unabeba sanduku au unabeba mayai?”

“Nakuja, mama.”

Mashine yenyewe ilikuwa ya kusuka kamba za viatu. Ilikaa chumba cha nyuma, ya chuma tupu, na bobini zake, vile vigurudumu vinavyobeba uzi, zilizunguka zikipishana, hii ikipita mbele ya ile, ile nyuma ya hii, mpaka katikati pakatoka kamba ya duara, imara, isiyo na mshono. Kwa kamba hizo Mama Kamba alilea watoto na kupata jina. Kisha watu wakazoea viatu vya kutumbukiza mguu na kwenda zao, kamba zikabaki kwenye misumari zikipauka, na mashine ikanyamaza. Ukimya ule ulimuuma. Alizoea kula huku mashine inalia, na tangu inyamaze chakula hakikuwa na ladha.

Aliyeufurahia ukimya huo ni mdogo wake. Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, si kwa cheo chochote, bali kwa sababu alikodisha viti vya plastiki kwenye shughuli za watu. Viti vilimjaa ukumbini, barazani, hata ukienda bafuni ulivikuta. Nyumba ilikuwa ya urithi wao wawili, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema, na kusema alijua.

“Dada, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika. Hilo dude tulipeleke kwenye vyuma chakavu, mimi nipange viti vyangu.”

“Na mimi utanipanga wapi? Juu ya viti?”

Mwenyekiti alicheka, lakini hakutania. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliitwa, na siku ya kuja na mkokoteni ikapangwa.

Ilikuwa katika siku hizo za mashaka ndipo mkwe alipokuja na mkewe kumjulia hali, amenuna. Tanuri la bekari lilikuwa limemshinda. Nyaya zinazopeleka umeme kwenye koili za kupashia joto hupita mahali penye joto la kuunguza, na zile za asili zilikuwa zimechakaa na kukatika. Kila alipofunga waya wa kawaida, ganda lake la plastiki liliyeyuka likadondoka, waya ukabaki uchi, umeme ukapiga shoti. Waya wa kuhimili joto alikuwa ameutafuta duka kwa duka bila mafanikio. Alimweleza mkewe hayo huku akichezea kipande cha ule waya wa zamani.

Mama Kamba alikipokonya. Akakipeleka dirishani, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa.

“Kamba ya kiatu hii.”

“Huo ni waya wa joto, mama. Ndani ni shaba.”

“Shaba sijaikataa. Nasema nguo iliyovaa. Si imesukwa hii? Tazama nyuzi zinavyopishana! Hizi ni nyuzi gani?”

“Za kioo, mama. Kioo kinavutwa kinakuwa uzi mwembamba. Joto la tanuri haliuwezi.”

Mama Kamba alihisi moyo unamruka. Alimshika mkwe mkono, jambo lililomfanya kijana atamani ardhi ipasuke, akamvuta hadi chumba cha nyuma na kumwonyesha tundu la katikati ya mashine, pale ambapo zamani alipitisha uzi wa kujaza kamba. “Hapa tukipitisha shaba badala ya uzi, na bobini zote tukazivisha kioo, kitatoka nini?” Mkwe alilitazama tundu lile muda mrefu. Kisha akasahau adabu zote akapiga yowe.

Haikuwa rahisi. Nyuzi za kioo walizipata kwa watu wanaotengeneza matangi ya maji, lakini kioo si pamba. Kwa mkazo wa kamba za viatu zilikatika kabla hata mashine haijashika mwendo, na vumbi lake liliwawasha mikono wakajikuna kama waliolala kwenye upupu. Mama Kamba alilegeza springi za bobini moja baada ya nyingine, akalainisha kila mahali uzi unapogusa chuma, akaipunguza mashine mwendo, na huku akiibembeleza kwa maneno ambayo marehemu mumewe hakuwahi kuyasikia. Ilipokubali, walisuka nguo ya kwanza, wakasuka ya pili juu yake, kisha wakauchovya waya kwenye vanishi ya joto inayotumiwa na mafundi wa kusuka mota, ili nyuzi zishikane.

Mwenyekiti alichungulia mlangoni, akaona dada yake ana vanishi mpaka kwenye nyusi.

“Sawa,” akasema. “Tanuri likioka, mashine itabaki, viti nitajua pa kuvipeleka. Lisipooka, mkokoteni uje siku ileile iliyopangwa, na sitaki kusikia neno.”

“Nimekubali,” alisema Mama Kamba, na usiku ule alikula chakula chote akamaliza.

Sasa walikuwa bekari. Mwenye bekari, mwanamke mfupi mwenye maneno ya mkato, alikuwa amejitoa mhanga: unga umekandwa, umeumuka, trei zimejaa zinasubiri. Tanuri lisipowaka, unga wote ungechacha. Mkwe aliingia nyuma ya tanuri, akafunga waya kwenye koili kwa kuubana kwa skrubu, maana risasi ya kuungia ingeyeyuka. Akaunganisha testa, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye bati la tanuri na kuiweka sindano yake mahali inapoonekana.

“Umeme ukivuja, sindano itapanda,” aliiambia sakafu. “Isipopanda, tuko salama.”

Akawasha.

Koili zikaanza kuiva wekundu. Joto likapanda, wafanyakazi wakasogea, Mama Kamba akasimama kwa vidole vya miguu apate kuona. Ilikuwa raha tupu. Alitaka kuimba, na angeimba, lau pua yake isingekamata harufu.

Nyuma ya tanuri palitoka uzi mwembamba wa moshi. Kisha ukanenepa. Kisha ukawa wingu, mzito, mchungu, unaotoka palepale ulipopita waya wake.

“Zima!” alipiga kelele mwenye bekari. “Panapofuka moshi pana moto! Zima, mtaniunguzia bekari!”

Mama Kamba alifumba macho. Aliuona mkokoteni mlangoni kwake, akakiona chumba kimejaa viti mpaka darini. Basi, aliwaza, nimeunguza bekari ya watu kwa kiburi changu. Akajitosa kwenye moshi, mkono umenyooka kuifuata swichi kuu.

“Usiguse, mama!”

Hakuitambua sauti. Mkwe wake alikuwa amejipanga mbele ya swichi, mikono ameitanua, anamtazama usoni, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza.

“Simama hapohapo! Ni vanishi! Waya mpya lazima utoe moshi ukipata joto mara ya kwanza. Itazame sindano! Imepanda?”

Wote waliitazama. Ilikuwa imelala chini kabisa.

“Una hakika?” aliuliza mwenye bekari.

“Naiamini kazi ya mama,” alisema kijana, mgongo bado kwenye swichi.

Mama Kamba alishusha mkono. Walikaa humo wakikohoa, machozi yakiwatoka, hakuna aliyetaka kutoka nje. Hatimaye moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukakatika. Mkwe alimulika kwa tochi nyuma ya tanuri. Waya ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, lakini nguo yake ilikuwa nzima, haijaachia hata uzi, na koili zilikuwa nyekundu kama embe bivu.

“Leteni mikate!”

Zikaingia trei. Harufu ya mkate ilipoanza kuishinda ile ya vanishi, bekari nzima ililipuka kwa vigelegele. Mwenye bekari alimkumbatia Mama Kamba wakachafuana unga na masizi, huku akimwambia ana tanuri jingine, na dada yake ana la kuchomea vigae, na wote wanataka waya. Mama Kamba alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Ghafla akakumbuka kuwa leo ndiyo siku ya mnunuzi.

“Mkokoteni!”

Walikimbia. Mama Kamba alikimbia kwa umri wake, kanga mkononi, mkate wa moto kwapani, na mkwe nyuma na sanduku linalolia vyuma vitupu. Chelewachelewa utamkuta mwana si wako, ndiyo methali aliyokuwa akiirudia kila pumzi ilipomruhusu.

Na kweli, walikuta mashine iko juu ya mkokoteni, imefungwa kamba. Mwenyekiti alikuwa anamwelekeza mnunuzi namna ya kugeuza.

“Limeoka!” Mama Kamba alimtupia mkate kifuani. “Kula!”

Mwenyekiti aliudaka, ukamuunguza, akaurusha mkono huu na mkono ule. “Dada, watu walisema wameona moshi bekari. Nikajua...”

“Umejua nini? Kula kwanza!”

Alimega. Akatafuna polepole, macho kwa dada yake aliyejaa masizi na jasho. Kisha akamgeukia mnunuzi. “Ndugu yangu, samahani sana. Hii haiuzwi.”

“Haiuzwi? Nimeshafunga!”

“Shaba unayo?” alidakia Mama Kamba.

Mnunuzi alipigwa na butwaa. “Shaba nikose mimi? Nina mota mbovu chungu nzima.”

“Basi utarudi kesho kwa biashara nyingine. Leo geuza mkokoteni.”

Na kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote tena, alipanda mwenyewe juu ya mkokoteni, akaikumbatia mashine kwa mikono miwili. Mkwe na mnunuzi waliingiza mabega wakasukuma, Mwenyekiti mbele, mdomo umejaa mkate, akivirusha viti vyake pembeni kupisha njia. Mama Kamba alikaa wima huko juu, kidevu kimeinuka, akiwapungia majirani.

“Inama, mama!” alipaza sauti mkwe wake. “Kizingiti!”

Mama Kamba, ambaye hakuwahi kumtii mtu, aliinama.