Ndiyo ya Wening

Profesa Hardjito alikuwa mtu wa kupenda kula. Tuanzie hapo, maana bila lile tumbo lake huenda mambo yote haya yangepita salama.

Pale Yogya, kisiwani Java, idara ya hesabu haiwezi kuwaita watu kwenye semina bila kumpa kila mmoja kisanduku cha karatasi. Ndani unakuta keki ya kijani, karanga, maji ya kikombe cha plastiki, na lemper. Lemper ndiyo hasa watu wanayoijia: wali wa kunata, katikati umetiwa kuku, umefungwa kwenye jani la mgomba na kubanwa kwa vijiti huku na huku. Kuufungua ni kazi. Ukiharakisha, vidole vinagandana, vikigandana unaanza kutafuta karatasi ya kujifutia, na hiyo karatasi siku zote iko kwa jirani.

Siku hiyo aliyesimama ubaoni alikuwa dada mmoja, Wening.

Wening alikuwa mwanafunzi wa Hardjito tangu anaingia chuo. Mzee alimfundisha kozi zote za uzamili, akampeleka Japani kusomea udaktari wa hesabu, akarudi nao. Tangu arudi alikuwa anafundisha palepale idarani kwa mkataba wa muda, vile vipindi vya mchana wa jua kali ambavyo wenyewe wenye kazi zao wanavikimbia. Sasa ikatoka nafasi ya kudumu. Moja tu. Na umri wa kuomba ulikuwa unamtupa mkono, kwa sababu mwakani sheria isingemruhusu tena hata kupeleka jina. Kwa hiyo semina ile haikuwa semina ya kupiga soga. Ilikuwa ndiyo usaili wenyewe: unasimama, unaonyesha kazi yako, wakubwa wanauliza, halafu wanaingia ndani kukata shauri. Jana yake alikuwa amesimama kijana mmoja wa Bandung anaitwa Galang, mcheshi, picha zake ukutani zinacheza kama sinema.

Wening yeye alitaka chaki. Ndivyo Hardjito alivyomlea, mtu anayejua kitu anakiandika kwa mkono. Akaanzia kona ya kushoto ya ubao, kwa herufi zake ndogondogo. Pale ndipo alipoweka msingi wa mambo yake: akaonyesha kwamba zile namba zake, zipande zinavyotaka, zina dari, hazivuki hapo. Mistari michache tu. Na ndio wakati huohuo Hardjito alikuwa ameinama, kijiti kimekatalia kwenye jani, wali umemng'ang'ania kidole gumba, anamnong'oneza Bu Siwi, mwalimu mwenzake aliyekaa pembeni yake, "Mama, nipatie karatasi hapo."

Alipoinua kichwa, Wening alikuwa ameshafuta ile kona, maana ubao ni mdogo na mambo yake ni marefu.

Akaendelea vizuri. Watu wanaitikia kwa vichwa. Katikati akafika mahali ambapo ilitakiwa ajumlishe kwanza, halafu ndipo aende mpaka mwisho kabisa wa safari ya zile namba. Yeye akageuza: akaenda mwisho kwanza, ndipo akajumlisha. Sasa kugeuza hivyo hakuruhusiwi hivihivi. Bila dari unaweza kupata jibu la uongo.

Hardjito akanyoosha mkono. "Wening, mwanangu, hapo umegeuza. Nani amekuruhusu? Dari iko wapi?"

Wening akaitazama ile kona iliyofutwa. Akamtazama mwalimu wake. Akakutanisha mikono tumboni, akainama kidogo.

"Nggih, Pak," akasema.

Basi. Hakuongeza neno. Hardjito akasema, "Haya, endelea," na Wening akamaliza, wakampigia makofi.

Pak ni baba tu, kama Bu ni mama. Sasa hilo neno nggih, ukitaka kulifasiri harakaharaka, ni ndiyo, kwa Kijava cha adabu. Lakini mtu wa Java anamwambia mkubwa wake nggih akiwa amekubali, na nggih akiwa amekataa katakata. Anasema nggih maana yake nimekusikia, na nggih maana yake acha nikustahi mbele za watu. Jibu lenyewe linakuja baadaye, pembeni, juu ya chai, bila mashahidi. Wao kwa wao wanajuana. Shida ni kwamba mkuu wa idara hakuwa wa kwao.

Mkuu wa idara alikuwa Pak Togar, Mbatak wa kule Medan, kisiwa kingine kabisa, mtu mwema mwenye sauti ambayo akinong'ona inasikika mpaka kwenye maegesho ya pikipiki. Na siku hiyo alikuwa na haraka, mpwa wake anaoa, ndege inamsubiri. Kwa hiyo kikao ambacho kingekaa baada ya siku mbili tatu kikakaa palepale, visanduku havijazolewa.

"Mimi huyu dada nilikuwa naye," Togar akasema. "Naapa. Nimeingia pale nikiwa naye. Lakini kakiri mwenyewe! Mzee umemuuliza dari iko wapi, kasema ndiyo. Ndiyo nini sasa? Ndiyo, sina dari!"

Bu Siwi akachezea kalamu. "Labda tumwite, Pak. Tumuulize taratibu, tukiwa sisi tu."

"Tumwite tena? Ninyi watu wa Java bwana! Mtu akikukanyaga mguu, unamwomba radhi wewe. Kaulizwa, kajibu. Kosa la dari si kosa dogo. Au vipi, Mzee Hardjito? Wewe ndiye mwenyekiti wa usaili, na mwanafunzi ni wako."

Wote wakamgeukia.

Hapa ndipo penyewe. Hardjito alijua. Hakujua kama dari ilikuwepo, hilo hakulijua bado. Lakini ile nggih aliijua. Yeye mwenyewe alikuwa ameisema maisha yake yote kwa walimu wake, kwa mkwewe, kwa wakubwa wa chuo. Ile ya Wening, jinsi alivyoitazama kona kwanza, haikuwa nggih ya mtu aliyekamatwa. Tumbo lilimwambia: kule konani kulikuwa na kitu. Lakini wakimwita, atasemaje? Atasema, Mwalimu wakati naandika ulikuwa unapambana na wali? Mbele ya Togar, naye Togar aibebe hadithi hiyo mpaka harusini Medan?

"Hakuna haja ya kumsumbua," akasema.

"Kwa hiyo tumchukue Galang. Mzee umekubali?"

"Nggih," akasema Hardjito, akiangalia meza.

Togar akashika mkoba wake akakimbilia ndege, na jina la Galang likapanda kwa rekta, mkuu wa chuo, mchana uleule.

Jumatatu yake, kabla hata Hardjito hajafungua dirisha la ofisi, hodi. Wening, na chai ya yasmini yenye sukari ya mawe kwenye chupa, na vikombe viwili. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akauliza goti la mke wa mzee linaendeleaje. Wakaongea mvua. Wakaongea paka wa idara aliyezaa kwenye kabati la majarida. Chai ikafika nusu ndipo Wening akasema, kwa ile sauti yake ya chini:

"Mwalimu, siku ile nadhani niliandika kwa herufi ndogo mno, kule kona ya kushoto. Naomba radhi."

Hardjito akashika kikombe vizuri.

"Konani kulikuwa na nini?"

"Naomba chaki, Mwalimu." Akainuka, akaandika ile mistari yake michache kwenye ubao mdogo wa ofisini. Dari hiyo hapo. Nzuri, imekaa kama kofia ya mtu aliyepimwa kichwa. Hardjito hakuhitaji kuisoma mara mbili.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilisema nggih, Mwalimu." Akatabasamu kidogo, kama mtu anayeeleza kitu ambacho hakihitaji maelezo. "Nikajua Mwalimu ataelewa. Nikasema nitakuja Jumatatu kabla kikao hakijakaa."

Maskini. Alidhani kikao bado. Amekuja na chai yake kusahihisha mambo kwa adabu, wakati mambo yenyewe yalishaliwa na kufutiwa mdomo. Na Hardjito, badala ya kumwambia, akasema, "Ngoja. Nitazungumza na Togar."

Togar alirudi kutoka Medan amependeza, sauti imekauka kwa kuimba. Hardjito akamweleza habari ya dari. Togar akakaa chini pu.

"Mzee! Kwa hiyo dada alikuwa sahihi?"

"Alikuwa sahihi."

"Na ile ndiyo yake?"

"Ilikuwa nggih tu. Nggih ya heshima."

"Na ya kwako? Nilikuuliza umekubali, ukasema nggih. Nayo ilikuwa ya heshima?"

Hardjito akaanza kupanga karatasi mezani.

"Mimi nitajuaje, Mzee?" Togar akapandisha sauti, mpaka makarani nje wakaacha kuchapa. "Nimeishi hapa nimezeeka, nimeoa kwenu, bado nikiambiwa ndiyo naandika ndiyo! Sikiliza. Jina limeshapanda lakini halijasainiwa. Andika wewe, kwa mkono wako: mimi Hardjito nilikosea, msichana yuko sahihi, turudie. Maneno machache. Nitaipeleka mwenyewe kwa rekta, na akikataa nitalala mlangoni kwake."

Hardjito akaenda nyumbani akaandika. Na hapo ndipo alipojiona alivyo. Neno nilikosea halikutoka. Lilitoka, labda inafaa kutafakari tena. Likatoka, kwa unyenyekevu wote, huenda upande wa msikilizaji haukuwa umejiandaa inavyostahili. Akaongeza shukrani kwa uongozi, akaongeza dua kwa ustawi wa chuo. Togar aliisoma akakuna kichwa, akaipeleka hivyohivyo. Rekta naye akajibu kwa heshima kubwa, akimshukuru Profesa kwa salamu zake njema.

Galang akaanza kazi. Kijana mzuri tu, hana kosa, hata kozi za uzamili aliziendesha vizuri. Wening alimaliza muhula wake, akarudisha funguo, akawaaga makarani mmoja mmoja, akaondoka. Kwa Hardjito alipita pia. Hakusema kitu cha lawama. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mzee akawa hana tena hamu ya kula. Mke wake akidhani ni sukari, akampikia mboga za kuchemsha. Kwenye semina anasogeza kisanduku kwa jirani. Mwisho, wakati wa likizo, akapanda treni kwenda Solo, maana alisikia Wening yuko huko anafundisha tuisheni, watoto wa sekondari wanaojiandaa na mtihani wa kuingia chuo.

Alimkuta kwenye nyumba moja, chini duka la simu, juu darasa. Wening alifurahi kwelikweli, akamkalisha barazani, akatoa tempe ya soya ya kukaanga, akatoa pilipili, akatoa chai.

"Mwalimu amekonda."

"Wening, nilikuja kukwambia—"

"Onja hii kwanza, ni ya moto."

Akaonja. "Ile kazi yako, ya dari. Bado unaiendeleza?"

"Sijaifungua tena, Mwalimu. Hapa ni sehemu na asilimia kutwa." Akacheka. "Ongeza chai."

"Wening, nisikilize. Usinipe kitu kingine." Akaweka kikombe chini. "Nilikosea kukuuliza vile. Sikuwa nasikiliza. Na pale kwenye kikao nilijua. Togar alisema umekiri, na mimi nilijua ile nggih yako si ya kukiri. Nilijua, nikanyamaza."

Lilimtoka lote, kavu, bila mapambo. Alikuwa amelibeba tangu mvua mpaka kiangazi, na akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Wening aliacha kutabasamu. Akabaki anaangalia sahani.

"Hilo la kutosikiliza nilishalimaliza siku ileile," akasema. "Mtu anaweza kuwa anakula. Nilimwona Mwalimu na ile lemper, nusura nicheke."

Akaisogeza sahani pembeni.

"Lakini hili la pili sikulijua. Muda wote huu najiambia, Mwalimu hakuelewa. Angeelewa angenisemea. Kwa hilo nikawa napata usingizi."

Ule mzigo Hardjito hakuutua, kumbe aliutwika mwenzake.

Kengele ikalia ndani. Wening akainuka, akapangusa mikono, akainama vilevile kwa adabu.

"Watoto wananisubiri. Nenda salama, Profesa."

Tangu amfahamu hakuwahi kumwita hivyo. Profesa walimwita makarani, na madereva, na watu wa benki.

Akabaki barazani anatafuta viatu vyake miongoni mwa vile vya watoto vilivyotapakaa mlangoni. Juu somo likaanza, chaki inagonga ubao, halafu ghafla kelele kama za mpirani:

"Mwalimu umekosea! Mwalimu umekosea hapo!"

"Wapi?" ikajibu sauti ya Wening, kubwa, ambayo Hardjito hakuwahi kuisikia. "Nani kaona? Njoo mbele unionyeshe."

Mzee akavaa kiatu kimoja, akasimama hivyo anasikiliza, kingine amekishika mkononi.