Mtu wa Upande wa Henniina

Mdogo wangu Nzigire aliponipigia simu Louisville na kuniambia kwamba mpangaji wake mzungu anatapika kila asubuhi, nilimuuliza swali moja tu.

"Na bwana yako anasema nini?"

"Bwana yangu? Yee ndiye anamupelekea ndoo," akasema, akaanza kulia.

Hapo damu ikanichemka. Mimi Dative nimezaa, nimelea na wa wengine, na sijawahi kuona mwanamume wa kwetu anampelekea mwanamke ndoo bila sababu. Nzigire alipokuwa na mimba ya mtoto wao Grâce, huyo Birindwa hakumshikia hata kikombe cha maji. Leo hii ameujulia wapi utu?

Mpangaji mwenyewe anaitwa Henniina, msichana wa Finland, mrefu, mabega mapana, anacheza hoki ya barafu. Ni beki. Kazi yake ni kukaa mbele ya kipa wake na kumzuia yeyote anayetaka kupita, kwa fimbo, kwa bega, hata kwa kifua. Alisoma chuo Columbus, akicheza hukohuko, na Polycarpe, kaka mkubwa wa Birindwa, alikuwa mpishi kwenye jiko la chuo hicho. Ilipoanzishwa ligi mpya ya wanawake na timu ya Buffalo ikamchukua Henniina, Polycarpe ndiye aliyempigia mdogo wake simu: mpokeeni, ni mtoto mwenye adabu. Wakampa chumba cha chini ya nyumba yao, mtaa wa East Side hukohuko Buffalo. Birindwa naye anafanya kazi kwenye uwanja wa barafu wa timu hiyo, anaendesha lile gari la kulainisha barafu. Basi wanatoka pamoja asubuhi na mapema, gari moja, wawili tu, na mke amebaki kitandani. Mimi hilo peke yake lingetosha kuninyima usingizi.

"Sema yote," nikamwambia Nzigire.

"Yaya," akasema, maana mimi ndiye dada mkubwa, "akisikia harufu ya sombe ku sufuria anakimbia. Analala muchana. Birindwa ameweka blanketi ku madirisha ya kule chini, mwangaza isiingie. Na banaongea chini-chini. Mi nikishuka, banayamaza."

Anatapika, anachukia chakula, analala mchana, na mume wa mtu anamtunza gizani. Nani hajui kusoma hapo? Nikamwambia asifungue mdomo mpaka nifike.

Kwetu jambo kama hilo mwanamke halimalizi peke yake jikoni. Linaketiwa. Wa upande wa mke wanakuja, wa upande wa mume wanakuja, linasemwa mbele ya watu. Upande wa mke nilikuwa mimi, kwa kuwa wazazi wetu wamezikwa Bukavu. Upande wa mume alikuwa Polycarpe. Nikaomba ruhusa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, nikatoka mtaani kwetu Beechmont na mfuko wangu, nikapanda basi. Polycarpe akanipokea kituoni Columbus, tukaendelea kwa gari lake.

Njiani alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Shemegi, ile mutoto mi namujua. Iko na ndoto moja: kuvaa maillot, jezi ya kwao, ku mashindano ya dunia. Mara ya mwisho balimuacha. Alilia ku cuisine yangu mpaka nikamupa beignet akule. Sasa mwezi wa tatu banachagua tena, na kocha wa kule Finland anafuata kila match yake. Donc, achukue mimba sasa ju ya nini?"

"Muulize mdogo wako ju ya nini," nikamjibu.

Akaja na lake. "Bon. Na upande wake ni nani?"

"Upande wa nani?"

"Wa binti. Hatuwezi kuketia mutoto ya mutu bila mutu wa kwao. Hiyo itakuwa kumuonea."

Nilikasirika, maana alikuwa amesema kweli. Hata msichana aliyekosa anakaa na mtu wake pembeni, wa kumsemea. Lakini baba yake yuko Finland, mama yake yuko Finland. Tukafikiri. Nani alimleta mji huu? Nani anamkemea akikosea, anamsifu akifanya vizuri? Kocha wake. Yule mama aliwahi kufika nyumbani kumletea supu Henniina alipopata mafua, na namba yake ya simu aliiacha kwa Nzigire. Tuliposimama kuweka mafuta nikampigia mdogo wangu. Muite kocha Jumapili, baada ya kanisa. Mwambie ni mkutano wa familia, na hapa yeye ndiye mama wa Henniina.

Nilijiona nimefanya haki kabisa.

Tulifika Buffalo theluji imekaa kila mahali. Birindwa alitufungulia mlango, amekonda, macho mekundu. Nikajisemea, dhambi hiyo. Nikampa ncha za vidole. Henniina akapanda kutoka chini, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akashika ukuta.

"Jambo, mama. Umelalaje? Watu wa Louisville hawajambo?"

Nzigire ndiye aliyemfundisha, na alisalimia vizuri kuliko watoto wetu wanaotujibu kwa Kiingereza. Nikaitikia. Akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi. Akaniangalia kama ndiyo kwanza naingia.

"Jambo, mama. Umelalaje? Watu wa Louisville hawajambo?"

Nikaitikia kwa meno. Nilijua ananidhihaki. Msichana amechukua mume wa mdogo wangu na bado ana nguvu za kunichezea.

Baada ya kanisa kocha akaja na boksi la donati, anacheka tangu mlangoni. Alidhani ni sherehe. Alipoona viti vimepangwa duara na Polycarpe amevaa koti, kicheko kikapungua. Henniina naye alipomwona kocha alibadilika rangi. Akamgeukia Birindwa, na Birindwa akatazama sakafu. Nikamkonyeza Polycarpe. Umeona hao?

Polycarpe akaomba sala, akasema kwamba hapa hakuna kupiga kelele, kila mtu atasikilizwa. Nzigire angesema kwa lugha yetu na yeye angemfasiria kocha kwa Kiingereza.

"Anatapika," Nzigire akasema. "Asubui na asubui."

Polycarpe akafasiri. Kocha akaacha kutafuna.

"Hawezi mwangaza. Bwana yangu ameziba madirisha."

Kocha akarudisha donati kwenye boksi. Nikafurahi moyoni. Sasa ameelewa, nikawaza, mchezaji wake ana mimba na anajua ya nani.

"Nzigire, inatosha," Birindwa akasema.

"Haitoshi! Analala muchana. Akisikia kelele anashika kichwa. Anasahau. Nikimuambia kitu saa hii, kiisha kidogo ananiuliza tena. Na bwana yangu anajua, na ananificha!"

Kocha hakungoja tafsiri ya mwisho. Alimgeukia Birindwa na kumuuliza, "Tangu lini?" Hakuuliza nani, hakuuliza kwa nini. Kisha akapiga magoti mbele ya Henniina, akamvua miwani taratibu, akainua kidole na kumwambia akifuate kwa macho. Macho yalifuata, yakakwama, yakafuata tena.

"Jana tulicheza wapi?" akamuuliza.

Henniina akafikiri. Ulimwona anatafuta.

"Columbus," akasema.

Polycarpe akashika mdomo. Columbus msichana aliondoka tangu mwaka uliopita. Jana walicheza hapahapa Buffalo, na Birindwa alikuwepo.

Birindwa ndiye aliyelia wa kwanza. Akasema yote, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika. Asubuhi moja Henniina alikuwa anafanya mazoezi peke yake kabla ya wenzake kufika. Akateleza kwa kasi, kichwa kikagonga ubao unaozunguka uwanja. Alikuwepo Birindwa tu na gari lake.

"Aliniomba nisiseme. Alisema kocha akijua, ya Finland imekwisha. Nikamupa ahadi yangu. Nilizani itapona. Jana ku match bamemugonga tena."

"Na mimi?" Nzigire akapaza sauti. "Mi bibi yako, ju ya nini haukuniambia?"

"Uliniuliza siku gani? Ulikuwa unaniangalia tu."

Nimepanda basi, nimevuka majimbo, nimekuja kukamata mwizi, kumbe kilichoibiwa ni kichwa cha mtoto wa watu.

Henniina alikuwa ameshika mikono ya kocha. Hakuwa anatuona sisi. "Tafadhali," alikuwa anasema, "siku chache tu. Wanachagua mwezi wa tatu. Nitapumzika baadaye, nitapumzika mwaka mzima. Tafadhali."

"Hutakanyaga barafu msimu huu," kocha akasema, naye analia. "Na watu wa kwenu nitawaambia mimi mwenyewe, leo."

Sauti aliyoitoa yule msichana sikuipenda. Nimeisikia kwenye misiba.

Kocha na Birindwa walimpeleka hospitali. Jioni walirudi naye. Daktari alisema ubongo umetikisika mara mbili, na mara ya tatu ingeweza kumuua hapohapo uwanjani. Akae gizani, atulie, asisome, asikimbie. Polycarpe alimshukuru kwa sauti kubwa Mungu aliyetutuma kuokoa maisha. Nikaitikia amina. Nzigire hakuitikia. Alikuwa anapika wali mweupe usio na harufu, na aliushusha chini mwenyewe, pamoja na ndoo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dirishani. Nilikuwa namchunga Birindwa, kwa sababu mtu aliyeweza kuficha hili anaweza kuficha na lingine. Alikuwa nje anakwangua theluji kwenye kioo cha gari. Kilipotakata akasimama, kikwangulio mkononi, hakusogea tena. Ndani, kwenye kiti cha mbele, alikuwa amekaa Henniina. Amevaa koti la timu na miwani ya jua, mkoba wake mkubwa magotini, fimbo zimepita juu ya bega.

Nikamwita Nzigire. Alitoka na kitenge na ndala, kwenye theluji ile, nami nikamfuata. Akampita mumewe bila neno, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Nzigire hajui kuendesha gari.

"Tutachelewa," Henniina akamwambia.

"Hakuna barafu leo, mwanangu."

"Kesho?"

"Kesho pia."

"Kocha anajua?"

"Anajua."

Nikamwonea huruma. Nikadhani amesahau yote na sasa tutamwambia upya kila asubuhi, na kila asubuhi atalia upya.

"Nani alimwambia?" akauliza.

Nzigire akanitazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Mimi niliyemwagiza amuite nikainamia theluji.

"Mimi," mdogo wangu akasema. "Mimi ndiye nilimuita."

Henniina akavua miwani. Mwanga wa theluji ulimchoma, machozi yakamtoka, lakini hakufumba macho. Akamgeukia Nzigire.

"Jana hospitali kocha alisema ulimwambia yeye ni mama yangu hapa," akasema.

Kumbe hakuwa amesahau. Alikuwa anajaribu tu, pengine tungeona aibu kumkatalia, tukampeleka.

"Ndiyo," Nzigire akasema. "Mutoto ya mutu hawezi kuketiwa bila mutu wa kwao."

"Mama yangu," Henniina akasema, "angenyamaza."

Akausukuma mkoba kutoka magotini, akashuka, akaingia ndani akishika ukuta. Mkoba ule ulikuwa mzito. Mimi na Nzigire tukaushika huku na huku, tukaurudisha chumbani kwake chini.