Misuko ya Victorine

Wanawake wa mtaa wa Kensington, huku Afrika Kusini, walikuwa wakisimama mbele ya dirisha la karakana na kushika vichwa vyao. Hawakujua kilichowekwa pale ni kitu gani. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga theluji, na hawakuwa na mpango wa kuikanyaga. Waliona tu mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda nchani kama ulimi wa mtu anayekejeli, na juu yake, toka ncha hadi mkia, misuko myeusi imeteremka juu ya rangi ya udongo mwekundu, njia kwa njia, imekazwa hata mtazamaji akahisi kichwa kinamgonga. Siku moja mama mmoja aliingia, akauliza msusi yuko wapi na foleni inaanzia wapi.

Théodore hakuchoka kuisimulia habari hiyo.

"Alikuja kusukwa," angesema, akijipiga paja. "Kwenye karakana ya skii! Kama hiyo siyo sanaa, basi sanaa nionyesheni ninyi mliosoma."

Skii hizo zilikwenda kwa watu wanaoteleza juu ya theluji kwenye milima ya Lesotho, na nyingine zilivuka bahari. Théodore ndiye aliyezichapa. Kazi yenyewe ni ya kinyumenyume: nakshi haipakwi juu ya skii, bali huchapwa upande wa chini wa plastiki angavu, ili mawe na barafu viparuze plastiki kabla ya kuifikia rangi. Kwa hiyo mstari mwembamba wa mwisho ndio unaotangulia, na rangi ya nyuma ndiyo inayomalizia. Wachoraji wengi jambo hilo liliwachanganya. Victorine halikumchanganya. Kule Lubumbashi alikuwa amechora vioo vya saluni akiwa amesimama upande wa ndani, ili mvua na kucha za watoto visiguse kazi yake, na mkono wake ulikwishazoea kuanzia mwisho.

Victorine alikuwa mke wake. Misuko aliyoichora ndiyo iliyoijulisha chapa yao hadi kwa watu wa mbali, na wateja waliita skii zenyewe "zile za nywele". Kisha duka moja la ng'ambo likalalamika kwamba skii ya kushoto haifanani na ya kulia. Rajab, mwenye karakana, alimwita Victorine na kumwomba achore nusu moja tu. Kompyuta ingeikunja na kutoa nusu ya pili.

"Kichwa cha mtu hakikunjwi katikati kama shuka, Bwana Rajab," Victorine alimjibu. Alisuuza brashi yake, akaivua aproni na kuitundika msumarini. Hakurudi. Aliianza upya kazi ya vioo, sasa vya saluni za Hillbrow, na majira ya baridi yaliyofuata kifua kikamchukua. Hospitali ilisema nimonia. Théodore, ambaye shule aliiacha mapema, alikuwa na elimu yake mwenyewe juu ya kifo hicho, na katika elimu hiyo ugonjwa uliitwa Rajab.

Hata hivyo hakuacha kazi. Watu walimshangaa. Alikuwa akienda kila asubuhi kuichapa misuko ya mkewe kwa ajili ya mtu aliyemchukia, naye hakuona la ajabu. Angekwenda wapi kwingine ambako kitu cha kwanza kukishika asubuhi kilikuwa kazi ya mkono wa Victorine?

*

Rajab alizaliwa Morogoro, baba yake akiwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliye uhamishoni na mama yake Mluguru. Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililopigwa pasi, na Théodore hakukipenda kwa sababu hiyo hiyo. Amri ikija kwa lugha nzuri haikuachii pa kuishikia.

"Mzee Théodore, naomba ukae," alisema siku hiyo ofisini. "Majira haya tunabadilisha nakshi. Misuko tumeirudia mno. Wateja wa skii hawanunui sura ya mwaka juzi, wewe unajua. Mpwa wangu Nomsa ndiye atakayechora."

Nomsa alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono mfukoni. Mama yake, dada wa Rajab, alimlea kwa Kiswahili naye akakua akijibu kwa Kizulu. Alikielewa chote, ila kukizungumza alikizungumza kama mtu anayetembea peku juu ya kokoto.

"Kwanza mlimwondoa mwenyewe," Théodore alisema, bado wima. "Sasa mnaondoa na kivuli chake. Na nafasi inakwenda kwa nani? Kwa mpwa. Wakubwa mna macho makali sana, mnaona vipaji hadi sebuleni kwenu."

"Victorine alijiondoa mwenyewe, mzee."

"Ndiyo. Mtu akisukumwa mlangoni, miguu inayotoka ni yake."

Rajab alifumba macho kidogo. Alikuwa na mafundi wasiofika na mashine inayovuja gundi, na mabishano haya alikuwa ameyasikia kwa sura nyingi. "Haya," alisema. "Unataka nini?"

Tangu aingie karakana hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza Théodore swali hilo. Alijikuta amepiga meza kwa kiganja, kana kwamba jibu lilikuwa limelala chini yake.

"Misuko ibaki. Huyu binti achore mipya, lakini iwe misuko, na iwe vilevile kama ya mwenziwe aliyetangulia. Mtu akiiona aseme: hii ni ya Victorine."

"Nomsa?"

"Naweza jaribu, mjomba," binti alisema. "Ila..."

"Ila nini?" Théodore alimkatiza.

Nomsa alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. "Hakuna, mzee."

Jioni hiyo Théodore alipanda ngazi za jengo lao la Berea kama mtu aliyepunguziwa miaka. Aliwaambia majirani aliokutana nao, aliowajua na asiowajua, kwamba bosi amenyoosha mikono. Misuko inabaki. Akajifungia chumbani, akakaa kwenye upande wa kitanda wa Victorine, ambao bado alikuwa hajauzoea, akaona fahari imemkaa kifuani, nzito na nzuri.

*

Skii ya sampuli, yenye mchoro wa Nomsa, ilipotoka kwenye mashine ya joto na kupozwa, Théodore aliigeuza kuelekea dirishani. Misuko ilikuwa pale, myeusi, juu ya udongo mwekundu. Hakuna mstari uliokuwa umepotea njia. Rajab alisema ni nzuri. Yeye pia akasema ni nzuri. Lakini ule mshituko aliozoea kuupata, kama mtu aliyeitwa jina lake nyuma ya mgongo, haukuja. Akailaumu taa. Akayalaumu mawingu. Mwisho akaomba kuichukua jioni hiyo, akamwonyeshe mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Clémentine, msusi wa Hillbrow, aliyesafiri na Victorine mipaka yote toka Lubumbashi na kulala naye chini ya blanketi moja miaka ya mwanzo. Théodore alishuka mitaa na skii begani, na Hillbrow, ambayo haijawahi kumwonea mtu haya, ikamsemesha. Mwuza viazi alimuuliza kama mlango mwembamba hivyo anawafungia panya. Mlinzi wa jengo moja, Mkongo mwenzake, alimpigia saluti.

"Papa Théo, redio imetangaza theluji?"

"Wewe linda mlango," Théodore alimjibu, na akajisikia vizuri.

Saluni ilikuwa imejaa. Clémentine alikuwa na kichwa cha msichana mdogo magotini, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama moshi. Théodore aliisimamisha skii ukutani, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono.

"Haya, Mama Clémentine. Sema."

Clémentine alitazama bila kuachilia nywele alizozishika. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Papa Théo. Nani ameivalisha hii skii wigi?"

Wanawake wakacheka. Hata yule msichana akacheka, akavutwa sikio atulie.

"Wigi gani? Ni misuko. Ni mkono wa Victorine, umeendelezwa."

"Hapana, papa. Usinikasirikie." Clémentine alifuta jicho kwa upande wa kiganja. "Ni kazi safi. Aliyechora ana macho. Ila hapa ndani hamna kichwa. Niangalie mimi." Akaendelea kusuka, na msichana akajipinda kwa maumivu, akarudishwa, akajipinda tena. "Unaona? Huyu hatulii. Mimi namfuata. Akienda kulia, mstari wangu unakwenda naye, halafu namrudisha. Ukitazama mistari ya Victorine, unamwona mtoto anavyotikisika. Unajua kabisa ni mtoto mkaidi. Wakati mwingine nilikuwa namuuliza, leo umemchora nani? Ananiambia, yule wa Mama Sagesse, anayeuma watu." Akaitazama skii tena, bila kucheka sasa. "Hapa hakuna aliyeumia."

Théodore aliona skii mbili mbele yake, ingawa moja haikuwapo. Aliiona ile mistari aliyoichapa maelfu ya mara, ile inayoyumba kushoto na kurudi, ambayo duka la ng'ambo liliita kasoro. Na polepole, kama maji yanayopanda ndani ya nyumba, akaelewa alichokifanya katika ofisi ya Rajab. Ingawa alisimama wima, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Rajab. Alikuwa amemchukua binti wa watu na kumwambia aukunje mkono wake katikati.

"Kaa unywe soda," Clémentine alisema.

"Nitakuja kesho," alijibu, akaibeba skii.

*

Asubuhi alimkuta Nomsa amewahi, amejiinamia kwenye kompyuta.

"Mwanangu," alimwambia. "Ile siku ulisema 'ila'. Malizia."

Nomsa alizunguka kwenye kiti. "Eish, mzee. Sasa?"

"Sasa."

Hakumaliza kwa maneno. Alifungua mchoro mwingine. Ulikuwa wa kijivu na buluu, umejaa mashimo ya duara yenye kivuli upande mmoja, mengine makubwa, mengine madogo, yametawanyika bila adabu yoyote.

"Ndui?" Théodore aliuliza.

"Boneti ya gari ya mama. Baada ya mvua ya mawe." Alitafuta maneno, akayaokota moja moja. "Ilikuja saa ya chai. Kelele, kelele, bati lote. Halafu kimya. Tukatoka nje, barafu kila mahali, joto bado liko. Mama analia gari yake. Mimi nilikuwa mdogo, nacheka. Kwangu mimi theluji ni hiyo."

Théodore aliusogelea mchoro. Kila shimo lilikuwa limepigwa na kitu, na kila kitu kilikuwa kimetoka mbali.

"Sijaupenda," alisema.

"Najua."

"Lakini yapo mawe humo."

Nomsa akacheka, akafunika mdomo.

Ofisini, alipoelezwa, Rajab hakucheka. "Juzi ulinipigia meza," alisema. "Leo hutaki misuko. Kesho utataka nini, mzee?"

"Kesho nitataka wino uje kwa wakati, kama kila siku." Théodore alisimama katikati ya ofisi, amenyooka. "Sikiliza. Misuko ya Victorine imekwisha, na ni yeye aliyeimaliza, siku alipoitundika aproni yake pale. Mimi ndiye niliyetaka kumwombea makombo. Hakuwa mtu wa kuombewa makombo. Mwache huyu binti achore vyake, na usimwambie upande huu ufanane na ule."

Rajab aligeuza kalamu mezani, mara mbili, tatu. "Lile neno nililomwambia mkeo..." alianza.

"Hilo sijalisamehe," Théodore alisema. "Nimekuja kwa ajili ya kazi."

Akatoka. Mchana wake aliosha mwenyewe zile fremu za wavu alizochapia misuko, hakumruhusu mwingine ashike bomba la maji. Misuko ililegea, ikawa tope jeusi, ikaingia kwenye mfereji wa uani, naye akaendelea kumwaga hadi wavu ukawa mweupe na anga ikaonekana ng'ambo yake. Alitarajia kulia. Badala yake alijikuta ananyoosha mgongo, kama mtu aliyebaki wa mwisho kwenye arusi kubwa na kufunga mlango kwa mkono wake.

*

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma, skii za Nomsa zilikuwa zimekwishapangwa rafuni, na watu walikuwa wakizinunua huku wakipapasa yale mashimo kuona kama ni ya kweli. Mwanamke mmoja aliingia na jozi ya zamani mkononi. Ilikuwa imepigwa na kila jiwe la Lesotho. Karibu na ncha, plastiki ilikuwa imechimbwa hadi rangi, na msuko mmoja umekatika katikati.

"Mnaweza kuninolea makali haya ya chuma ya pembeni?" aliuliza. "Na hapa, mnaweza kuurudishia huu msuko?"

"Makali nitayanoa," Théodore alisema, akiipokea. "Shimo nitaliziba lisinywe maji. Msuko siugusi."

"Kwa nini? Si mnazichora hapa?"

"Hapa sasa tunachora nyingine, ni nzuri, zitazame. Hizi zilikuwa na mwenyewe."

Mwanamke aliipitishia kidole ile mistari, ukiwamo ule unaoyumba kushoto. Alionekana kama mtu aliyeishi na swali muda mrefu. "Ulimjua?"

Siku zote Théodore alikuwa na jibu la swali hilo, na jibu lilianzia kwa Rajab, likapita hospitali, likaishia kaburini. Alifungua mdomo kulitoa, akaona halipo mahali lilipokuwa likikaa. Aliisimamisha jozi ile ukutani kwenye mwanga, akafuta wino vidoleni bila haraka, akavuta kiti.

"Kaa kwanza," alimwambia. Naye akaketi juu ya debe la gundi, akaitazama misuko, na uso wake ukafunguka. "Yeye mwenyewe, kwanza, alikuwa hapendi kabisa kusukwa."